Lusia Kihwele na Kikapu Mdomo Chini

Jina lake kamili ni Lusia binti Bartholomeo Kihwele, mzaliwa wa Kihesa hapa Iringa, mke wa marehemu kaka yangu Silvester. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyewaosha wanawake waliojifungua wa Kihesa nzima, enzi ambazo Kihesa yenyewe ilikuwa mashamba ya mahindi na mawe makubwa. Mama yake aliosha maiti mwaka wa kipindupindu, wakati ndugu wa damu waliposimama mbali na kuziba pua. Lusia mwenyewe amepaka mafuta maharusi, amefukiza wenye homa, amekanda matumbo ya vichanga, na watoto wa rika la wanangu waliokulia huku karibu wote wamepita mikononi mwake. Ninaandika mimi wifi yake, kwa sababu watu wanaomtaja sasa hivi wanataja jambo moja tu, na maisha yake hayakuwa jambo moja.

Kazi yao, kuanzia bibi mpaka mjukuu, ilikuwa ya mmea mmoja, kivumbasi. Wengi wanakijua kwa kufukuza mbu, wanachomeka vitawi viwili dirishani basi wamemaliza. Huko kwa kina Lusia kivumbasi kilikuwa kama mtu wa nyumbani. Mtoto akijaa gesi, majani yanachemshwa. Mtu akishikwa na mafua ya Juni, yale ya baridi ya kwetu yanayokaa kifuani mpaka Agosti, anafunikwa blanketi juu ya sufuria ya mvuke mpaka atoke jasho la kukamua. Bibi arusi anasuguliwa kwa unga wa ulezi uliochanganywa na majani makavu yaliyotwangwa, halafu anapakwa mafuta. Na aliyekufa anaoshwa kwa maji yaleyale. Mama yangu alipofariki, Lusia ndiye aliyemwosha, na nilipoinama kumbusu nilikutana na harufu ileile niliyopakwa siku ya harusi yangu. Sijaisahau.

Mafuta yalitengenezwa hivi. Kilele cha mmea kinachumwa kikiwa na maua, yale madogo meupe yenye rangi ya zambarau kwa mbali, kabla umande haujakauka. Kinanyaushwa kivulini juu ya ungo, kisha kinatiwa kwenye chungu cha samli iliyochanganywa na mafuta ya alizeti, chungu kinakaa kwenye makaa, si kwenye moto wa kuwaka. Lusia hakutazama saa. Alichota jani moja akalivunja kwa kidole, likilia kama dagaa mkavu alijua tayari.

Sasa kuna mwiko ambao msomaji lazima aujue. Anayekwenda kuchuma hasalimii mtu, wala hasalimiwi. Bibi yake alisema mmea unataka mdomo uliofungwa. Ukiufungua njiani, nguvu inaondoka na salamu. Ndiyo maana mchumaji anabeba kikapu kichwani kikiwa kimegeuzwa, mdomo chini. Ukikiona unajua. Unatoka njiani, unasimama kando, unanyamaza mpaka apite. Huku kwetu mtu asiposalimiwa ni tusi kubwa, hata mlevi wa ulanzi aliyelala mtaroni anaambiwa kamwene, salamu yetu ya Kihehe. Kwa hiyo kule kunyamaziwa kwa Lusia kulikuwa heshima ya pekee. Nimeona wanaume watu wazima wakisimamisha baiskeli. Nimeona padri mgeni akitaka kumsalimia, akavutwa mkono wa joho na mtoto wa mafundisho.

Alikuwa na majivuno, sitaficha. Alisema, "Ngozi ya Kihesa naijua mimi kuliko wenye nayo." Mwanamke akimwuliza kama mafuta yatamfaa, alijibu, "Muulize mumeo, yeye ndiye anayelala na harufu yangu." Tulicheka sana miaka hiyo.

Binti yake wa pekee ni Devota. Aliolewa Chimala, akafanya biashara ya mchele, baadaye akaweka meza ya vipodozi sokoni. Mume alipomwacha alirudi Kihesa na masanduku mawili na uso mpya. Aliondoka mweusi wa kung'aa kama sisi wote, akarudi ana rangi ya papai bivu, ila vifundo vya vidole vilibaki vyeusi tii. Mafundi wa pale njia panda walimwita Fanta na Koka. Mama yake alimtazama siku ya kwanza akasema, "Mwanangu, umepakwa na nani?"

"Huko watu wanajipaka wenyewe, mama."

"Ndiyo maana."

Hakusema zaidi, alifurahi kumpata. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na Devota alikuwa na nguvu. Wakagawana kazi: mama anachuma na kupika, binti anatia kwenye makopo, anafunga, anauza. Makopo yalipendeza, yana karatasi yenye picha ya ua na maneno Mafuta ya Bibi Lusia. Yalikwenda haraka kuliko zamani. Wasichana wa chuo walikuja kwa bodaboda. Lusia aliniambia, "Wifi, nilidhani kivumbasi kitakufa na mimi. Kumbe kilikuwa kinamsubiri huyu." Usisahau maneno hayo unaposoma yanayofuata. Mwanamke huyu alikuwa anaomba kitu kimoja tu, kazi ya bibi yake ipate mkono wa kuipokea.

Mwaka jana mwezi wa sita, Esta, binti wa jirani yetu Anyitike na mkewe Esnath, alikuwa anaolewa. Hawa ni Wanyakyusa waliohamia Iringa zamani, watu wazuri, na bwana harusi alikuwa wa kwao Tukuyu. Lusia aliitwa kumsinga bibi arusi siku chache kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwao. Kwa kawaida huenda na chungu chake mwenyewe, lakini mafuta ya chunguni yalikuwa yamekwisha kutiwa yote kwenye makopo, kwa hiyo Devota akampa kopo. Lusia alilifungua mbele ya wanawake akaona mafuta ni meupe, mazito.

"Mbona meupe?"

"Baridi, mama," Devota alisema. "Si samli hiyo? Imeganda."

Na kweli ilikuwa baridi. Mtu wa Pwani angeshtuka kuona mafuta meupe, lakini sisi Juni tunakata samli kwa kisu. Harufu ya kivumbasi ilikuwepo, tena nyingi. Lusia akayapasha viganjani akampaka Esta uso, shingo na mikono, Esnath mwenyewe akimshikia bakuli, shangazi wa Kinyakyusa wakiimba. Esta alisema inawasha kidogo. Wakamtania, "Ndoa nayo inawasha, zoea."

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Mbeya kwa mwanangu Shedrack, mkewe alikuwa amelazwa, nikakaa huko mpaka Agosti. Yaliyotokea niliyapata kwa vinywa vya wengi na nimeyapima.

Uso wa Esta ulianza kuvimba keshoye. Kisha ngozi ikatoka, kama ya kiazi kilichochemshwa. Wakampeleka hospitali. Daktari aliuliza amepaka nini, akaoneshwa kopo, akalinusa na kulirudisha, akasema humu mna dawa kali ya kuchubua. Sendofu ikaahirishwa. Watu wa Tukuyu walisema watasubiri bibi arusi apone, wakapiga simu kila siku, kisha wakapunguza, kisha wakaacha. Esta alipelekwa Mbeya kwa mama yake mdogo, na niliambiwa anakaa ndani, hatoki hata kuchota maji.

Habari hiyo ilizunguka Kihesa yote na haikuingia nyumba moja tu, ya Lusia. Devota alijua siku ya pili. Alimwambia mama yake kwamba harusi imesogezwa kwa sababu ya mahari, na yeye mwenyewe akaanza kujifunga kanga usoni akisema jino linamsumbua. Na kwa kuwa maua yalikuwa bado yapo kwenye mawe kule juu, Lusia aliendelea kwenda kuchuma kila asubuhi, kikapu kichwani, mdomo chini.

Watu walimpisha. Walisimama kando, wakanyamaza.

Niliporudi kutoka Mbeya alinipokea kwa furaha. Tuliketi jikoni kwake, akanimiminia chai, akasema, "Wifi, watu wa siku hizi wamerudi kwenye adabu. Vijana wote wananipisha. Zamani walikuwa na simu zao masikioni, unapita wanakuropokea mambo. Sasa nikitokea tu, kimya. Jana mwanamke mmoja alifunga hata mlango."

Nilikuwa sijasikia kitu bado. Nikamwambia vizuri.

Jumapili iliyofuata tulikwenda misa ya kwanza pamoja. Hakuna anayechuma Jumapili, kwa hiyo Lusia alikuwa amevaa kitenge chake cha utume wa wanawake, mkononi rozari tu. Pale njia panda Didas, fundi baiskeli, alikuwa anafungua kibanda.

"Kamwene, bibi," akaniambia.

"Kamwene, Didas."

Akamtazama Lusia, macho yakamruka kama mtu anayeruka dimbwi, akainama kutafuta spana. Lusia akacheka. "Huyu macho yamezeeka. Sina kikapu leo."

Mbele kidogo kuna mama wa mboga. "Kamwene, bibi. Mkweo wa Mbeya anaendeleaje?" Aliniuliza mimi. Kwa Lusia, hakuna neno. Wakapita wanakwaya watatu, wakanipa shikamoo moja, waziwazi ya mtu mmoja. Hapo Lusia aliacha kucheka. Aligusa kichwa chake juu, kama mtu anayehakikisha hajasahau kikapu kichwani. Nami nikaona mkono ule, mkono ulioosha mama yangu, unatafuta kitu ambacho hakipo.

Esnath alikuwa anatokea upande wa pili, na Biblia yake, anakwenda kwao Walutheri. Lusia alimsimamisha njiani.

"Mama Esta, kamwene."

Esnath akaihamishia Biblia kwapani.

"Mama Esta, sina kikapu. Nisalimie."

"Nimeona huna kikapu, Mama Devota."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mwanangu hana uso." Hakupaza sauti. "Mkono wako ndio uliompaka. Bakuli nilishika mimi. Alipolia kwamba inawasha tulimcheka, wewe na mimi. Unataka nikusalimie niseme nini?"

Akatuzunguka akaenda. Misa hatukufika. Lusia aliketi kwenye jiwe la kando ya barabara na nikamweleza maana ya maneno yale kadiri nilivyoweza kukisia, kisha mama wa mboga alikuja akatumalizia yaliyobaki, akitazama chini muda wote.

Nyumbani Devota alikuwa anaosha makopo. Mama yake alichukua kopo lililofungwa, akalifungua, akatia kidole, akakiweka ulimini. Nilimwona anatafuta ladha ya kazi yake. Akatema.

"Humu umetia nini?"

"Mama, mafuta yako watu walisema yanachelewa."

"Yanachelewa kwenda wapi?"

"Wanataka wang'ae kabla ya Jumamosi. Hawataki kungoja mwezi mzima wa kupaka na kukanda. Nilikuwa naongeza kidogo tu krimu, ileile niliyokuwa nauza Chimala. Mimi mwenyewe naitumia."

"Toa kanga."

"Jino, mama."

"Devota. Toa kanga."

Akaitoa. Kulikuwa na mabaka mekundu mashavuni na mabaka meusi kama masizi chini ya macho, na ngozi nyembamba hivi kwamba uliona mishipa ikipita. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka. Nilitazama pembeni. Lusia hakutazama pembeni. Alisogea akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, kushoto, kulia, kama alivyokuwa akiwageuza maharusi.

"Keti," akasema.

Kuanzia siku hiyo alijaribu yote aliyoyajua. Maji ya kivumbasi yaliyopoa. Majani mabichi yaliyopondwa, yakafungwa kwa kitambaa cheupe. Mafuta mapya ya chunguni, samli tupu na maua, aliyoyachuma mwenyewe mdomo umefungwa, na siku hizo haikumlazimu kujizuia, hakuna aliyemsemesha. Devota aliuma kanga akavumilia. Ngozi ilitoa maji, ikakauka, ikapasuka tena. Mimi niliwaambia waende hospitali, wakaenda. Daktari hakumtukana mtu. Alisema ngozi imekonda sana, aache kupaka kitu chochote zaidi ya dawa aliyomwandikia, majani pia aache, na jua alikwepe. Lusia akauliza itarudi lini. Daktari alitazama kalamu yake, akasema baadhi itarudi.

Njiani Lusia aliniambia, "Amesema majani pia."

"Amesema kwa sasa."

"Wifi, sijawahi kuambiwa hivyo na ngozi ya mtu yeyote. Nimeambiwa na ya mwanangu."

Alikwenda kwa Esnath kuomba msamaha. Nilimsindikiza mpaka getini. Alisimama, hakukaribishwa, akaketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha kama mfiwa. Ilipita saa nzima hakuna aliyetoa hata kigoda. Mwishoni alitoka Anyitike, mwenye nyumba, akachuchumaa mbele yake. Mtu mpole. "Mama," akasema, "rudi nyumbani, kuna baridi. Hapa hakuna anayekuchukia. Hatuna tu cha kukujibu." Laiti angemfukuza.

Baada ya hapo Lusia hakupanda tena kwenye mawe. Miguu ilivimba kabisa, na hata isingevimba asingekwenda. Kikapu kilikaa nyuma ya mlango. Kivumbasi kilichanua, kikazaa mbegu, kikakauka kikiwa kimesimama, na mbuzi hawakukigusa, hawakipendi. Alifariki mzee Yotamu wa jirani, tuliyekua naye, na watu wakamwosha kwa sabuni ya dukani. Lusia alisikia kilio kutoka kitandani. Alingoja kuitwa. Nilikaa naye siku hiyo mpaka msafara wa kwenda makaburini ulipopita nje ya dirisha, naye akasema: "Yotamu alikuwa na ngozi kavu. Sabuni itamkausha." Kisha akageukia ukutani.

Kazi ya wanawake watatu, ya miaka mingi kuliko umri wa barabara ya lami, ilikuwa imekwisha kwa kopo moja. Nilifikiri ndio mwisho, tutamzika, basi.

Halafu mwezi uliopita, Devota akiwa anamlisha uji, alianza kulia. Mama yake akamwuliza kuna nini tena. Ndipo akasema. Kabla ya mambo ya Esta, alikuwa ametuma sanduku la makopo Chimala kwa rafiki yake Faustina, auze pale sokoni. Tangu mwanzo alinyamaza, akiogopa. Siku mbili kabla ya hapo ndipo alipompigia simu.

"Amesemaje?" Lusia aliuliza.

"Anasema mengi yameshauzwa. Anasema niache kumwogopesha, wateja wanayasifia. Anataka mengine."

"Anawauzia nani?"

Devota alikoroga uji kwa kijiko, akaukoroga. "Waliojifungua, mama. Wanasikia ni ya kivumbasi, ya Bibi Lusia. Wanapaka watoto."

Lusia alisukuma bakuli. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akarudi kitandani kwa kishindo. Akakaa pale akitweta. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliniambia, "Wifi, nipe kile kikapu."

Nikakitoa nyuma ya mlango. Kilikuwa na utando wa buibui, akaupangusa kwa ncha ya kanga yake, taratibu. Kisha akamkabidhi binti yake, ameshika kwa mikono miwili.

"Kesho unapanda basi la Mbeya, unashuka Chimala. Huyo Faustina usigombane naye, mwambie akuoneshe nyumba tu. Unaingia nyumba kwa nyumba. Kopo lililojaa, lichukue. Lililobaki nusu, lichukue. Lililokwisha, mtazame mtoto mwili mzima, na kama ameguswa umpeleke hospitali na wewe ukae hapo."

"Mama, watanipiga."

"Huenda."

"Na uso huu? Nitawaambia nini?"

"Uso huo ndio utakaowaambia. Kanga uiache hapa."

Devota alinitazama. "Shangazi, twende wote."

Nilifungua mdomo nikubali, lakini Lusia aliinua mkono. "Shangazi yako ana watu wa kumsalimia. Ukienda naye utajificha nyuma ya salamu zake." Akakiweka kikapu kichwani pa bintiye, mdomo juu, akakitengeneza kisianguke. Vidole vyake vilishuka mashavuni, vikasita juu ya mabaka, havikugusa.

"Ukitoka hapa asubuhi usinyamaze," akasema. "Msalimie Didas. Msalimie mama wa mboga. Ukipita kwa Esnath, simama getini umsalimie kwa jina. Kila mtu, mpaka Chimala na kurudi. Asiyeitika, msalimie tena."